Biri ya Zoraida

…na kama sitavuta sasa hivi itazimika yenyewe, na hakuna atakayenilaumu, biri huzimika, hasa mkononi mwangu, mji mzima unajua, nitasema lo, jamani, nilikuwa nazungumza nikajisahau, na wote watacheka, maana Ladislao, Lalo wao, kujisahau katikati ya maneno si habari ya kumshtua mtu, na Evelio, baba wa kijana, huyu aliyejaa kwenye kiti changu cha kubembea mpaka kiti kinalia kama nguruwe tuliyemla mchana, ataitazama biri yangu iliyokufa, atavua kofia yake ya majani, ataipachika gotini, na kwa adabu ile ya wakulima wa San Juan atasema, Basi, mkwe, tutasubiri mavuno mengine, na kwisha, posa imeahirishwa, hakuna aliyesema hapana, hakuna aliyevunjiwa heshima, kahawa italetwa, tutasifia mvua… huku kwenye tumbaku ndivyo ilivyo tangu mababu, posa haijibiwi kwa mdomo, baba wa kijana na baba wa binti wanakaa uso kwa uso, wanawasha biri zao kwa moto wa kibanzi kimoja cha mwerezi, wanavuta, basi, baba wa binti akiivuta yake mpaka vidole viungue bila kuiwasha mara ya pili, mtoto ametolewa, ikimzimikia mkononi, maana yake subirini, na subirini ya mwaka huu si subirini ya kawaida, kwa sababu Leodán, huyo kijana mwenyewe, aliyekaa kwenye ngazi ya baraza na shati lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama bila yeye, amepata uraia wa babu yake, yule babu aliyekuja hapa Kuba akitokea kisiwa cha La Palma, upande wa pili wa bahari, na kabla mwezi haujaisha anakwenda huko huko alikotoka babu, akiwa na mke anakwenda na mke, akiwa hana anakwenda peke yake, na kijana mwenye mabega kama yale hawezi kukaa peke yake mpaka mavuno mengine, nawajua, hata mimi niliwahi kuwa na mabega… kwa hiyo yote yako hapa, kati ya vidole vyangu viwili, nikivuta Dayamí, binti yangu, anakwenda, nisipovuta anabaki, na mimi sivuti, nimeanza kutovuta tangu Evelio alipoanza kueleza habari za ng’ombe wake, nauliza maswali juu ya ng’ombe, sijawahi kumpenda ng’ombe kiasi hiki maishani mwangu, Na huyo wa madoa naye vipi, mkwe, nasema, na Evelio ananitazama juu ya moshi wake na kusema, Wa madoa nilishakwambia alikufa, Lalo, Ah, pole, nasema, alikuwa ng’ombe mzuri, Alikuwa shetani, anasema Evelio, alimpiga mama yangu teke… na hapo tena maneno yanaisha, na biri iko pale, inanitazama kwa jicho lake jekundu.

Na ubaya wenyewe ni kwamba ni tamu, Mungu anisamehe, ni tamu kuliko biri yoyote iliyowahi kupita kwenye mdomo huu, na mdomo huu umepitisha mengi, nilipoikata kichwa na kuivuta kabla ya moto nikapata harufu ya kabati la bibi yangu, na kibanzi kilipoigusa, pafu la kwanza likaja na sukari guru, la pili likaja na ngozi ya tandiko iliyolala juani, la tatu nikashindwa kulipa jina, mimi, mtu wa maneno, ninayekula mkate kwa maneno, kitu kama kahawa iliyomwagika kwenye mbao mpya, na pilipili ile ya ujana, ile inayokwaruza koo, haipo, imetulia, miaka yote hiyo ndani ya kasha la mwerezi imekaa ikijifunza adabu, na mate yananijaa, mkono unataka kupanda wenyewe, naushikilia gotini kama mtu anayemshikilia mbwa, tulia, tulia wewe… Mkwe, imekukubali? anauliza Evelio, Imenikubali, nasema, ila naila polepole, kitu kama hiki hakiliwi kwa pupa, na yeye anaitikia kwa kichwa, anapuliza moshi juu, kisha macho yanashuka, si kwangu, kwa kaa la biri yangu, yanakaa pale kidogo, yanaondoka, amekwisha ona, mkulima wa tumbaku huyo, hata ukimfunga kitambaa machoni atakwambia biri iko hai au la, na anasema taratibu, kama anayezungumza na kofia yake, Isije ikazimika tu, na mama yangu Nemesia, aliyeonekana amelala pembeni na pepeo lake kifuani, anafumbua jicho moja na kupiga kelele, Nani kazimia? Hakuna aliyezimia, mama, Mmwagieni maji! Ni biri, mama, tunasema biri isizimike, Ah, anasema, nilidhani Lalo, na Leodán anacheka pale kwenye ngazi, anacheka vizuri, kichwa nyuma, meno yote, kijana ana kicheko kizuri, hilo nalo linaniuma, ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mshenzi, nimemchunguza mwaka mzima nikitafuta ushenzi, sikupata, alikarabati bomba la jikoni bila kuombwa, anamwita mama yangu bibi na kumpelekea maembe yaliyokwisha menywa kwa sababu ya meno, na kitu kimoja tu, kimoja, hajui kusimulia, kijana wa watu akianza kichekesho anaanzia mwisho, Kuna mtu mmoja alikuwa kumbe amekufa, ndivyo anavyoanza, na Dayamí anacheka mpaka anajishika ubavu, si kichekesho anachokicheka, ni yeye…

na nani atabaki kunicheka mimi, hilo ndilo swali, tuseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesikia, nani, mama amekwisha kuwa kiziwi wa sikio moja na la pili analitumia kwa ajili ya watakatifu tu, nyumba hii ya vyumba vitatu na mimi ndani yake nikisema maneno ya kuchekesha kwa kuku… na kiwandani je, mimi ni msomaji wa kiwanda, nakaa juu ya jukwaa langu la mbao mbele ya wasokotaji wa biri, nawasomea gazeti asubuhi na riwaya mchana wao wakisokota, sauti ya mjane, sauti ya jambazi, sauti ya askofu mwenye mafua, na nikiwapata wanagonga visu vyao kwenye mbao za kazi, ka-ka-ka-ka, ukumbi mzima kama mvua ya mawe juu ya bati, na nikiwakosa mmoja anaangusha kisu sakafuni, mara moja tu, kling, halafu kimya, usiombe, mtu mzima unaweza kuomba ardhi ikumeze na jukwaa lako, na Dayamí yuko pale, safu ya tatu karibu na dirisha, kwenye meza ile ile aliyokaa mama yake, na ninaposoma namtazama yeye, kope zake zikitikisika najua nimefika… akiondoka nitamtazama nani, nitaitazama meza, watampa meza hiyo mtu mwingine, labda yule Gaspar anayepiga miayo… la, haizimiki? mbona haizimiki, nimekaa muda wote huu bila kuivuta, ng’ombe wote wa Evelio wamepita, mama ameamka na kulala tena, na bado uzi wa moshi unapanda, mwembamba, wa samawati, umenyooka kama kwamba ameushika mtu kutoka juu, biri ya kawaida ingekwisha kuwa gogo baridi, naigeuza polepole kama anayetazama uzuri wake, jivu ni jeupe, gumu, na chini ya jivu kaa bado ni jekundu, linapumua, Zoraida, umenifanya nini, mke wangu, umetia nini humu…

alikuwa bado ana maumivu ya kujifungua, hilo nalikumbuka, alikaa upande upande kwenye meza ya jikoni, mtoto ndani ya kikapu cha majani miguuni pake, hana hata jina, tulikuwa tunabishana juu ya jina, na yeye akatandika majani yake, jani la juu la mmea ambalo ni kali na linaungua kwa uvivu, jani la kati lenye harufu, jani la chini ambalo halina ladha ya maana lakini ndilo linaloshika moto, kila msokotaji anajua kipimo chake, na yeye akachukua la chini moja, akachukua jingine, nikamwambia, mimi nisiyejua kusokota hata kitambaa cha pua, Mbona unaweka nyasi nyingi hivyo, mama? akasema, Nyamaza, hii ni ya siku watakayokuja kumwomba huyu, nawe utaivuta, nikasema, Ndiyo, na ndiyo maana nataka iwe kali, iwe ya kiume, na akacheka bila kuinua kichwa, vidole vyake vinakwenda, vinakwenda, akasema, Ikiwa kali itakufia mkononi, Lalo, wewe siku hiyo utakuwa na maneno mengi kuliko siku zote, nakusokotea biri ya mtu msemaji, na mimi nikaona ni utani, nikacheka, nikamjibu kitu cha kijinga, akalamba ncha ya kidole akabandika kofia ya biri pale kichwani, akaizungusha mara moja tu, ndivyo alivyofunga, mara moja, akaiweka kwenye kasha, na mwaka wa kile kimbunga moyo wake ukasimama akiwa anaanika nguo, na kasha likabaki juu ya kabati, na mimi nikadhani aliniachia kumbukumbu… kumbe aliniachia kazi, mwanamke yule, alinijua kiasi hicho, alijua nitakaa hapa nikitaja ng’ombe… haya basi, haya, tuone, Zoraida, biri ni yako lakini mapafu ni yangu, siwezi kushindwa na jani la chini, na ninaiweka, taratibu, juu ya kisahani cha majivu, naiachia, vidole vinabaki na baridi, na kiti cha Evelio kinaacha kulia, yaani ameacha kubembea, Leodán naye sasa ameona, kicheko kimemtoka usoni kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni, anaitazama biri kwenye kisahani, ananitazama mimi, hataniomba, hawaombi hawa, na uzi wa moshi umeanza kukatika, unapanda, unakatika, unapanda tena mfupi, na mimi natazama barabarani kama kwamba kuna kitu barabarani, kuna kuku, Kuku wa nani yule, nasema…

na mlango unasukumwa kwa nyonga, ni Dayamí na sinia ya kahawa, vikombe vinagongana kidogo, amevaa gauni la njano, amefunga nywele kama mama yake alivyokuwa akizifunga kiwandani ili zisiguse majani, na kabla hajamtazama yeyote ametazama kisahani, mara moja tu, mkono wa msokotaji na jicho la msokotaji, amekwisha jua imebaki kiasi gani, na mimi nangoja, najiandaa, atanikunjia uso, atasema Baba! kwa ile sauti, au macho yatamjaa, nami nina jibu kwa kila moja, nimeyapanga, nimetengeneza hata kichekesho cha kufunika machozi, na yeye anasimama pale na sinia, anavuta pumzi kidogo, halafu anatabasamu, anasema, Baba, wasimulie ile ya mbuzi… ile ya mbuzi, Ile ya mbuzi! anasema mama ghafla, sikio zuri limeamka, na mimi natazama kisahani, kwa sababu ile ya mbuzi ndiyo ndefu kuliko zote nilizo nazo, mbuzi wa padri anayeingia kiwandani na kuila sura ya mwisho ya riwaya, na mimi juu ya jukwaa nabuni mwisho wangu, namwoza shujaa kwa mama mkwe wake, na visu vinaanguka, kling, kling, kling, ina sauti ya padri, sauti ya mbuzi, sauti ya meneja, haijawahi kusimuliwa ikaacha kahawa ya moto, hakuna biri duniani, hata ya jani la chini tupu, itakayosalimika mpaka mbuzi atoke mlangoni, na yeye anajua, anajua vizuri kuliko mtu yeyote, ameniletea kisingizio kwenye sinia pamoja na sukari, kama anayeniambia, Chukua, baba, zungumza, iache ife, kila mtu ataona ni maneno yako tu… haniombi nimwachie aende, anajitolea abaki, mwanangu ameamua kubaki, hivi hivi, amesimama, na sinia mkononi, na tabasamu hilo… nalijua tabasamu hilo, ngoja, nalijua wapi, ni lile la safu ya tatu, lile lile, juma lililopita niliposoma ile sehemu ya askofu mwenye mafua na ukumbi ukabaki umelala, hata nzi alisikika, na nikaanza kulowa jasho, na ghafla kisu kimoja karibu na dirisha kikaanza, ka, ka, ka-ka, kimoja peke yake, na wengine wakafuata, mvua ya mawe juu ya bati, nami nikainua kifua nikageuza ukurasa, mpumbavu mimi, nikageuza ukurasa… na juma la kabla yake, nani alianza, na Pasaka, nani, ni kisu kile kile, kila mara ni kile kile, kinaanza peke yake… tangu lini, Dayamí, tangu lini unanigongea kwa huruma, unakaa pale vidole vyako vinasokota na sikio lako moja linanilinda, lini hadithi itaanguka, lini nitamsaidia mzee, na jioni hapa barazani unacheka pale pale kwenye mbuzi, pale anapopiga chafya, kila mara pale pale, sawasawa, kama mtu anayelipa nauli, na mimi nimetaka kukuweka hapa kwa ajili ya hicho, nikufunge kwenye meza ile mpaka uzeeke, ugonge, ucheke, ugonge… nimewahi kusimama jukwaani kuigiza mbele ya ukumbi mtupu, mvua ilinyesha hakuja mtu ila mlinzi na alikuwa amelala, nikamaliza mchezo wote, nikainama, nikaenda nyumbani nikala, mtu hafi kwa ukumbi mtupu, lakini huyu mmoja anayenicheka kwa kunihurumia, huyu mmoja, mwaka baada ya mwaka, hapana, hapana mwanangu, hilo siliwezi, hilo ndilo litakaloniua, na kule kwenye ngazi yuko bwege asiyejua hata kuanza kichekesho na kwake unajishika ubavu bila kuamriwa na mtu…

Kulikuwa na padri mmoja, mkwe, ananianzishia mama kwa hamu, maana amechoka na ukimya wangu, endelea wewe, kulikuwa na padri, na Leodán ananitazama kama mtu aliyefungwa mikono, na Evelio kofia ameishika ukingoni, vidole viwili, tayari kuivua, na uzi wa moshi juu ya kisahani haupo, umekatika, kuna harufu tu, na mdomo wangu umekwisha kufunguka kwa sauti ya padri, ipo hapa, nyuma ya meno, nzito, ya puani, inawasha, maisha yangu yote sijawahi kuirudisha sauti iliyokwisha fika nyuma ya meno, naimeza, inaniumiza kuteremka, nanyoosha mkono, naichukua biri, naiweka mahali pa padri, sipulizi, hakuna kibiriti, hakuna kibanzi, huku ukiwasha tena umekwisha kujibu, navuta, na hakuna kitu, baridi, ladha ya chumba kilichofungwa, navuta tena mashavu yakigusana ndani, Evelio anasema polepole, Na mbuzi, Lalo? anajua hakuna mbuzi, ananipa nafasi ya mwisho yule mzee, mimi namtikisia kichwa tu, sina mdomo, mdomo una kazi, jani la chini, Zoraida, lile uliloongeza, liko wapi, mke wangu, navuta pua zikipanuka, masikio yanavuma, na mbali sana, huko mwisho wa biri, kama mtu aliyeitwa jina usingizini, kuna uvuguvugu, mdogo, unakuja, unapotea, unakuja, na mama yangu anageuza kichwa huku na huku, anatafuta sauti yangu, anasema, Mbona kimya hapa? Lalo kafanyaje, kafa? na hakuna anayecheka, vikombe kwenye sinia vimeanza kutetemeka vyenyewe, ki-ki-ki-ki, na Dayamí anasema, kwa sauti ambayo si ya kunisaidia, sauti isiyokuwa na tabasamu ndani yake hata kidogo, Anavuta, bibi.